Samaki wa Arobaini

Tulimwita Mwosha, na mpaka leo sijui kama wajukuu zake walikuwa na jina jingine la kumwitia. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanaume mtaani kwetu, Nachingwea. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemtuma, ilikuwa kufuga samaki wa rangi kwenye chupa. Watu walimheshimu kwa ile ya kwanza na kumwogopa kwa hii ya pili. Mimi nilimchukia kwa miaka saba, kwa sababu niliamini alimzika mume wangu bila kumwosha, na nayasema haya mwanzoni ili mtu asidhani namsifu marehemu kwa kuwa tu ni marehemu. Mwosha huoshwa, walisema wahenga, naye ameoshwa Nkowe mwezi uliopita na watu nisiowajua. Naandika nikiwa kwa dada yangu, na sijui nitakaa hapa mpaka lini.

Nianze na mikono yake. Viganja vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kwa maji kama vya mtu aliyetoka kufua, hata mwezi wa Oktoba ambapo visima vyetu vinakauka. Dukani kwangu nauza salfa ya mikorosho na pembejeo nyingine ndogondogo, naye alikuwa akija kununua betri za redio. Alijua watu hawapendi kumpa mkono. Basi aliweka fedha juu ya meza, akarudi hatua moja nyuma, akasubiri. Mtu pekee niliyemwona akimshika mkono, tena kwa mikono yote miwili, ni mume wangu wa kwanza, mtu wa utani usio na mipaka.

"Mzee, nakupa mkono leo ili siku ile usinisugue sana," alimwambia.

Mwosha hakutabasamu. "Wewe nitakuogesha kama mtoto wa siku saba."

Nilikuwepo, nikacheka mpaka nikashika meza. Maneno hayo yalikuja kunichoma baadaye.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya msikiti. Chumba cha mwisho kilijaa rafu za mbao toka sakafuni mpaka juu, na kwenye rafu zilipangwa chupa za kioo zilizowahi kuwa za jemu na siagi ya karanga. Kila chupa samaki mmoja. Beta, ndivyo alivyowaita mpwa wake aliyemletea jozi ya kwanza kutoka Dar ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Sisi tuliwaita wapiganaji, maana madume wawili wakikutana hawaachani mpaka mmoja afe. Kati ya chupa na chupa alisimamisha kipande cha boksi ili wasionane. Maji yalikuwa mekundu kama chai isiyo na maziwa, kwa ajili ya majani makavu ya mkungu aliyoyatia ndani. Mtaani walisema ni maji yaliyobaki kazini kwake. Nilipomuuliza kwa nini hakanushi, alisema, "Waache. Wasipokuja kunisumbua napata wasaa."

Kila siku baada ya swala ya adhuhuri aliondoa yale maboksi kwa muda mfupi, ili madume wapate kutunishiana na kunyoosha viungo. Nilishuhudia mara moja tu, nilipompelekea betri. Jua la saa saba lilikuwa linapiga dirishani. Alipochomoa boksi la mwisho, chumba kizima kilifura. Mapezi yakafunguka, mashavu yakatanuka, kila samaki kamkabili jirani yake, na hapakuwa na sauti yoyote. Mwosha akakohoa. Wote wakageuka kwa pamoja, wakanitazama mimi. Mtu atasema samaki wa kufugwa huwageukia watu kwa kutaka kulishwa. Huenda. Siku ile niliacha betri mlangoni nikaondoka.

"Huyu anavuta hewa kama wewe," aliniambia siku nyingine, akinionyesha mmoja aliyekuwa akipanda juu kugusa uso wa maji kwa mdomo. "Mfunike kwa kifuniko kisicho na tundu, atakufa humo humo ndani ya maji yake." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza namna ya kupika kisamvu.

Kuhusu ukomavu wa samaki hao angeweza kuongea kutwa, yeye ambaye kwa mengine ulimtoa neno kwa koleo. Ile jozi ya kwanza aliikutanisha mapema mno. Dume lilikuwa kubwa, linang'aa, akadhani tayari. Likamrarua jike mapezi, na mayai machache yaliyopatikana likayala yote asubuhi yake. Tangu hapo msemo wake ukawa, "Ukubwa si ukomavu. Ukubwa unaupata kwa kula, ukomavu unaupata kwa siku." Jike akikomaa, alisema, unaona kidoa cheupe kama chembe ya chumvi chini ya tumbo, na akimwona dume anatoa mistari ya kusimama. Akitoa mistari ya kulala, huyo anaogopa, mwondoe. Dume lililokomaa halihitaji kuonyeshwa kitu. Siku yake ikifika litaanza lenyewe kutema mapovu juu ya maji, povu juu ya povu, mpaka kiwe kiota, hata kama halijawahi kuona jike maishani mwake. "Nani kamwambia?" alikuwa akiuliza, na hakungoja jibu.

Alikuwa amehesabu. Aliwapa wote chakula sawa, viluwiluwi vya mbu vitatu kwa siku, si viwili wala vinne, na kwa joto la kwetu dume lilitoa povu lake la kwanza likitimiza miezi minne na siku kumi toka kuanguliwa. Ikizidi ni siku mbili, ikipungua ni siku mbili. Kwa Mwislamu yeyote hesabu hiyo si ngeni. Ndiyo eda ya mjane.

Sitaki kumfanya walii. Alikuwa mkali kwa mkewe kwa mambo madogo, chumvi, kandambili zilizopinduka. Alikuwa hasemi uongo hata ule wa kumfariji mgonjwa, lakini kwenye drafti aliiba kete mchana kweupe, ukimkamata anakutazama tu mpaka unaona aibu wewe. Aliwaogopa kuku. Mtu aliyeingia peke yake kwenye vyumba ambavyo wanaume wazima walitoka mbio, alizunguka nyumba nzima ili asipite penye jogoo wa jirani.

Na alikuwa na ulimi mzito wa makusudi. Anayeosha maiti haruhusiwi kusema alichokiona, awe ameona kovu, jeraha au aibu. Wengine huteleza, hasa kwenye kahawa. Yeye hakuteleza. Kuna mama mmoja wa Naipingo alimlilia amwambie kama mwanawe alikuwa na alama za kipigo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Mama, mimi ni mlango, si dirisha." Niliposimuliwa nilimwona katili. Naona bado kulikuwa na ukatili.

Lakini kwa wajane alikuwa na desturi yake. Siku ya arobaini, watu wakishakula na kutawanyika na mjane akibaki na kuta zake, mke wa Mwosha alikuja na chupa iliyofunikwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na samaki mdogo, mwembamba, hana rangi ya maana. "Huyu kaanguliwa siku aliyofariki mwenzio," alisema. "Mpe vitatu kwa siku. Akitoa povu, eda yako imekwisha." Mwosha alikuwa anatotoa vifaranga karibu kila wiki, hakuna mwezi uliomkuta hana, kwa hiyo siku yoyote ya msiba alikuwa na wa kulingana nayo. Shehe mmoja alimwita akamwambia anazusha jambo kwenye dini. Alijibu kwamba kalenda ni kalenda, hajaigusa, samaki ni wa kumfanya mwanamke awe na kitu cha kuamkia. Watu wengine walinong'ona kwamba roho ya marehemu imo kwenye chupa. Hilo lilimuudhi kweli. "Roho ni ya Mungu. Huyu ni saa."

Sasa nifike kwangu.

Mume wangu na mdogo wake walikuwa wakichimba vito kwenye mashimo ya watu, huko Ruangwa upande wa Nambilanje. Mara ya mwisho kusikia sauti ya mume wangu ilikuwa Jumapili. Alipiga akaniuliza kama mtoto wetu, Zuhura, amepona kikohozi, akaniimbia upuuzi wake, akakata. Baada ya hapo hakupiga tena, ila ujumbe ulikuwa ukiingia kila siku. Niko salama, mtandao mbovu, tutaongea. Nami nilikuwa najibu. Siku ya mwisho ulikuja mmoja mrefu kidogo. Likinipata la kunipata, msikilize mdogo wangu. Nilimkemea kwa kuandika maneno ya mkosi. Kesho yake, Jumatano ya wiki ya pili, shemeji yangu alifika na gari dogo la mizigo, na nyuma kulikuwa na turubai. Alisema shimo liliporomoka jana yake mchana, kaka yake hakupata hata muda wa kuita.

Ile simu yangu niliitunza. Kwa miaka saba nilikuwa naifungua kila Ijumaa na kusoma zile jumbe za siku zake za mwisho. Mtu mwingine huweka kanzu, mimi niliweka simu.

Maji ya kumwoshea niliyateka mimi mwenyewe, ndoo tatu, sikutaka mtu anisaidie. Mwosha aliingia chumbani na kafuri nyingi kuliko nilivyowahi kuona, akawatoa wote nje, hata ndugu, jambo ambalo si kawaida, maana siku zote mtu wa damu hushika maji. Hakukawia. Alipotoka, marehemu alikuwa amekwisha kufungwa sanda juu na chini. Niliomba nimwone uso. Mwosha akasimama mlangoni, akasema, "Usimfunue, mwanangu." Kisha nikaziona ndoo zangu. Zilitolewa uani moja baada ya nyingine, zimejaa mpaka shingoni. Hakuna tone lililotumika.

Niliangua kilio ambacho wanawake walidhani ni cha msiba. Kilikuwa cha hasira. Kama mtoto wa siku saba, alisema. Kila nilipokutana naye baadaye niliziona zile ndoo tu.

Hata hivyo siku ya arobaini chupa ililetwa, nikaipokea kwa ajili ya Zuhura. Kifaranga kikakua. Kikatoa wekundu, kisha mapezi marefu yenye kingo za buluu. Nilikipa vitatu kwa siku, sikukosea, mimi ni mtu wa vipimo, salfa ukikosea kipimo unaunguza maua ya korosho. Siku tisa kabla eda yangu haijaisha, asubuhi, nikakuta povu juu ya maji. Nikalipuliza. Jioni lilikuwa limerudi kubwa zaidi, na samaki amekaa chini yake ananitazama.

Niliona ni mkosi, au Zuhura anamwongezea chakula kwa siri. Nikamtuma jirani kwa mke wa Mwosha. Mke akarudi naye, mama mpole sana, macho yake yako chini.

"Mzee anasema utoke," aliniambia. "Eda yako imekwisha."

"Bado siku tisa, bibi. Tumehesabu wote."

"Anasema samaki hahesabu tangu siku ya habari."

"Maana yake nini?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo, mwanangu. Akaenda kulala."

Mjane kutoka kabla ya siku zake, kwetu, ni kujitangaza. Nilimalizia siku tisa zangu nikimtukana mzee huyo kimoyomoyo. Na nilipotoka, shemeji yangu alikuwa anangoja kwa adabu zote, na wazee wawili. Alikuwa mpole, alikuwa anampenda Zuhura, na kaka yake alikuwa ameniandikia nimsikilize. Niliwaonyesha wazee ule ujumbe mimi mwenyewe. Tukaoana kabla ya msimu wa korosho. Ndiye mume wangu wa sasa, au nisemeje.

Siku ya harusi niliona aibu kumbagua Mwosha, nikampelekea sahani ya pilau. Ikarudi imefunikwa vilevile, haijaguswa. Nikaliweka na hilo kwenye orodha ya makosa yake.

Miaka ikapita. Mkewe alifariki, naye mzee akapofuka, miguu ikavimba, binti yake akamchukua kwenda naye Nkowe. Samaki aliwagawa. Nikasikia kwamba hali yake ni mbaya, na nikagundua kwamba sitaki afe bila kunijibu. Mume wangu alikuwa amekwenda Naipingo kutazama mashamba. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta amelazwa kitandani kwenye ukumbi, jua la mchana likimfikia miguuni. Dirishani palikuwa na chupa moja, na ndani yake samaki mzee, amepauka, mapezi yamechanika. Binti yake alinipa kigoda akaenda jikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Zuhura." Alinijua kwa sauti. "Umekuja na ndoo zako."

Sikuwa nimezitaja. Sikumbuki kama niliwahi kumtajia mtu yeyote.

"Ulimwahidi," nikamwambia. "Ulimwahidi mbele yangu, halafu ukamzika na uchafu wa shimoni."

Samaki wa dirishani akapanda juu, akavuta hewa.

"Kuna maiti maji yanamwosha," akasema, "na kuna maiti maji yanammaliza. Ukimmwagia anabaki mkononi mwako. Huyo dini inasema umfanyie tayamamu, udongo safi, kwa kiganja, taratibu. Nilimfanyia taratibu kuliko mtoto wa siku saba. Mumeo alizikwa twahara. Hilo ni la dini, si la siri, nakuambia."

Nililia. Nilikuwa nimebeba jambo hilo muda mrefu hata nilipolitua nilihisi baridi mgongoni. Nikamshika ule mkono ambao watu hawaushiki, nikaubusu. Kisha, nikiwa bado nimeushika, fikra ya pili ikanijia polepole.

"Mzee. Mtu aliyefariki jana yake, maji yanammaliza vipi?"

Akageuzia uso ukutani.

"Alifariki lini?"

"Mimi ni mlango, mwanangu."

"Mimi nimeolewa na mtu aliyemleta. Nina watoto wawili naye."

"Najua. Sahani niliirudisha."

"Na ukaniacha niolewe?" Nilipaza sauti, binti yake akachungulia. "Miaka saba, mzee?"

"Nilikupa samaki," akasema. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye alikuwa na kitu alichobeba. "Nilichagua usiku na mchana mpaka nikampata wa siku zile. Nikakutumia na neno. Chupa unayo?"

"Ninayo."

"Umewahi kuigeuza?"

Nilifika nyumbani saa tisa na nusu, watoto bado wako shule. Yule samaki wangu alikufa zamani, na chupa naitumia kuwekea mbegu za ufuta. Iko jikoni, kwenye rafu, naishika kila siku. Nikaumimina ufuta kwenye ungo, nikaigeuza chini juu. Kwenye kitako kulikuwa na tarehe, kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wake wa kulalia kushoto. Tarehe ya kuanguliwa.

Nikaenda kuichukua ile simu kabatini, nikaiwasha, nikatafuta simu ya mwisho ya mume wangu, ile ya Jumapili. Tarehe ya kwenye chupa ilikuwa ya kesho yake. Jumatatu. Tangu Jumatatu ile mpaka Jumatano aliyoletwa kwenye turubai ni siku tisa. Mzee hakuwa na simu yangu, wala hakujua ni lini niliisikia sauti ile mara ya mwisho. Alijua alichokiona kwa macho na pua yake, akachagua chupa.

Jumbe zote zilikuwa baada ya hapo. Zote nane, hata ule mrefu.

Simu yangu ya sasa ikatetema kwenye mfuko wa dera. Ilikuwa kutoka Naipingo. Niko salama, mtandao mbovu, tutaongea. Ameniandikia hivyo kila safari kwa miaka saba, na mara zote nilidhani ni msemo wa ukoo wao.

Sikujibu. Nilibaki nimesimama kati ya ufuta na zile simu mbili, nikasoma upya zile jumbe nane za zamani, na safari hii nikasoma na yale ambayo sikuwahi kuyajali, majibu yangu. Chini ya kila moja, hata chini ya ule mrefu baada ya kumkemea, nilikuwa nimeandika maneno yaleyale. Sawa, mume wangu, nakusubiri. Nikaenda kukomea mlango kwa ndani, ingawa jua lilikuwa bado juu, nikaanza kukunja nguo za watoto.